Zamu ya Usiku

Jua lilikuwa limeshazama, na nepi zilikuwa bado kwenye kamba.

Fundi alitoka nyuma ya nyumba ya mama yake, beseni kiunoni, akijilaumu. Nepi zikipigwa na umande zinarudi mbichi, mtoto akifungwa nepi mbichi anashikwa na mafua, na mtoto akishikwa na mafua bibi yake anapata la kusema wiki nzima. Akaanza kuzianua upesi upesi, vibanio amevibana midomoni kama anavyobana pini akiwa kazini. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na jina hilo la Fundi halikumwacha hata sasa alipokuwa mzazi wa kichanga cha mwezi na kidogo.

Kichanga nacho kilikuwa na jina lake: Bosi. Dereva, mume wa Fundi, ndiye aliyempachika jina hilo kabla ya kurudi barabarani na lori. "Akiita nyumba nzima inaamka, kazi hafanyi, na hakuna wa kumjibu," alisema. "Kama huyo si bosi, bosi ni nani?"

Nepi ya mwisho ilikuwa imeanikwa karibu na mlango wa jikoni. Fundi alipoifikia, harufu ikampiga usoni.

Maziwa yaliyochacha.

Akainama. Kando ya kizingiti, ukutani, kulikuwa na michirizi myeupe. Ya zamani ilikuwa imekauka ikabanduka kama rangi mbovu. Ya juu yake ilikuwa bado inanata. Sisimizi walikuwa kwenye foleni ndefu, kila mmoja na shughuli yake. Akagusa kwa kidole, akanusa. Katika nyumba ile maziwa hayanunuliwi, kwa maana mama yake akiyaonja tu tumbo linamchafuka. Maziwa pekee yaliyokuwamo ni yale aliyoyakamua Fundi mwenyewe, kila jioni, kwa maumivu na subira, yakajaa kikombe kimoja cha bati.

Kila usiku kuna mtu alikuwa anayamwaga.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Bosi alipozaliwa alikuwa akiamka usiku kama wanavyoamka wachanga wote: ananyonya, anasinzia, hujajifunika shuka vizuri anadai tena. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo kama ngumi yake, litakaa na njaa muda gani? Fundi alinyonyesha ameketi, akanyonyesha amelala, siku moja akasinzia na kugonga kichwa ukutani. Ndipo mama yake alipomwonea huruma. "Mwanangu, usingizi utakuua. Jioni uwe unakamua maziwa kwenye kikombe, mtoto alale chumbani kwangu. Akiamka nitamnywesha kwa kijiko. Nimewalea ninyi wawili, sijasahau kazi."

Fundi alikubali kwa moyo mweupe. Ukimkabidhi mama yako mtoto wako, kuna salama gani zaidi ya hapo? Usiku wa kwanza alilala fofofo. Asubuhi akakuta kikombe kimeoshwa, kimepinduliwa mezani, na Bosi ametulia, ameshiba. Tangu siku ile kilio cha usiku kikakatika kabisa. Mtoto akanawiri, mashavu yakajaa mpaka macho yakawa yanatafutwa. Majirani wakasifu. Mtoto asiyesumbua usiku! Wengine wakamwonea kijicho.

Ni Nesi wa kliniki peke yake ambaye hakushangilia. Alimweka Bosi kwenye mizani, akatabasamu, kisha akatazama mizani mara ya pili.

"Usiku ananyonya mara ngapi?"

"Hanyonyi. Mama anampa kikombe kimoja."

"Kikombe kimoja hakileti uzito huu, dada yangu. Na wewe, maziwa yako yapoje?"

Fundi akasema kwa sauti ya chini kwamba yanapungua.

"Lazima yapungue. Titi ni kama muuza mboga. Usiponunua, kesho hapiti. Usiku ndio wakati wa kununua. Mchukue mtoto wako ulale naye, umnyonyeshe."

Mama mtu alipopelekewa habari hizo alicheka mpaka akakohoa. "Huyo Nesi ana watoto wangapi?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa Fundi alikuwa amechuchumaa penye kizingiti na giza linaingia, kidole kinanuka maziwa yake mwenyewe. Kama kikombe kinamwagwa na mtoto anazidi kunenepa...

Bosi anakula nini?

Alipoingia ndani, mama yake alikuwa kitandani anamkanda Bosi kwa mafuta, anamwimbia chini chini.

"Mama, jana usiku alimaliza kikombe?"

"Alimaliza, mwanangu. Nusura ameze na kijiko."

Hakupepesa jicho. Fundi alisimama pale na beseni lake. Mwanamke huyu ndiye aliyewahi kumchapa kwa kusema uongo wa pipi moja. Leo anamdanganya kwa upole, huku anatabasamu, na mkono wake uko juu ya kifua cha mtoto. Fundi aliumia kuliko alivyoogopa. Akamchukua Bosi, akampa titi. Mtoto akalivuta mara mbili, akaliachia. Akageuza uso wake taratibu, akautazama mlango wa nyuma.

Usiku ule Fundi alikamua kama kawaida. Maziwa hayakufika hata nusu ya kikombe. Akamkabidhi mama yake kikombe na mtoto, akasema amechoka, akaenda kulala na nguo zake.

Chumba chake kilitazamana na sebule, na sebuleni, chini ya kitambaa, kulikuwa na cherehani. Nyumba ile ilikuwa na cherehani moja na mabinti wawili: Fundi, na mkubwa wake ambaye yeye alimwita Dada tu. Mama yao alikuwa mgawaji wa haki mpaka haki yenyewe ichoke. Yai la kuchemsha lilikatwa kwa uzi ili nusu zilingane. Godoro lilipigwa mstari wa chaki. Walipoanza kushona, mama akatoa hukumu: mchana cherehani ya mdogo, usiku ya mkubwa, na atakayegusa zamu ya mwenzake atanitambua! Kwa miaka Fundi alilala akisikia mguu wa Dada ukikanyaga pedali. Ta... ta... ta... Ndio uliokuwa usingizi wake.

Kisha Dada akaolewa, akashika mimba, na mtoto akatoka bila kulia. Mwili haujui msiba. Maziwa yakaja vilevile, yakajaa, hayana mnyonyaji. Matiti yakavimba, homa ikapanda, na Dada akafa akiomba aletewe mtoto. "Mleteni tu mara moja," alikuwa akisema. "Yananiuma." Mama yao alimshika mkono huu, Fundi mkono ule. Huo ulikuwa mwaka uliopita. Gauni la kumzikia, la kijani, Fundi ndiye aliyelishona.

Komeo la mlango wa jikoni likalia.

Fundi akafumbua macho. Hakuwa na habari kama alikuwa amesinzia au la. Akasikia kimiminika kikimwagika chini, kidogo kidogo, na mtu akikung'uta kikombe. Halafu sauti ya mama yake, ya kubembeleza, sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni.

"Haya, ingia mama. Mwenzio amelala."

Hakukuwa na hatua. Kilichopita ni harufu. Mafuta ya cherehani. Kitambaa kilichochomwa na pasi. Na nyuma yake harufu nyingine, nzito, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Fundi alishuka kitandani. Sakafu ilikuwa ya baridi. Akatembea na ukuta, mkono mdomoni, akafika kwenye mlango wa chumba cha mama yake uliokuwa wazi upana wa kiganja. Taa ilikuwa imeshushwa mpaka mwisho.

Gu... gu... gu...

Mtoto anayemeza. Kila mama anaijua sauti hiyo. Bosi hakuwahi kumeza hivyo kwake, kwa pupa hiyo, kwa raha hiyo.

Na chini, sakafuni, mguu. Ta... ta... ta...

Mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Mbele yake, kwenye stuli, aliketi mwanamke aliyeupa mlango mgongo. Gauni la kijani. Mshono wa mgongoni ulikuwa umepinda kidogo katikati, na Fundi aliujua. Aliupinda mwenyewe, siku ambayo machozi yalimzuia kuiona sindano.

"Mama..."

Mguu ukasimama.

Mwanamke hakugeuka. Aliyegeuka ni mama. Usoni hakuwa na hofu wala aibu. Alikuwa amekereka, kama mtu ambaye mtoto wake ameingia chumbani bila kubisha.

"Rudi ukalale," alinong'ona. "Si zamu yako."

Hapo akili zikamruka Fundi. Alijitupa ndani, akaikamata miguu ya Bosi, akavuta. Kulikuwa na uzito upande wa pili, kisha uzito ukaachia. Bosi akapiga ukelele wa mtoto aliyenyang'anywa chakula. Fundi alipoinua macho, stuli ilikuwa tupu. Juu yake kulikuwa na maji meupe yanayotiririka kuelekea ukingoni, na mlango wa jikoni ulikuwa unajigonga gonga.

"Umemkatisha," mama alisema. "Hakuwa amemaliza upande wa pili."

"Mama, ni nini hiki? Umefanya nini?"

"Punguza sauti."

"Dada amekufa!"

"Kwa hiyo si mwanangu tena?"

Mama yake akachukua kitambaa, akaanza kuifuta stuli bila haraka, kama anafuta chai iliyomwagika.

"Alikuwa analia dirishani kila usiku," alisema. "Wewe mwanao akilia usiku unaweza kujifunika shuka? Titi linamuuma mpaka leo. Nimemzika na maziwa yake, unafikiri yaliishia wapi?"

"Ukampa mtoto wangu."

"Sikumpa. Nimewagawia. Wewe una mchana kutwa. Yeye ana usiku tu. Cherehani mlishirikiana, hamkufa."

"Nani alimwita, mama?"

Mkono wenye kitambaa ukasita. Kwa mara ya kwanza mama yake akaangalia pembeni.

"Sikumwita. Nilikwenda kaburini nikamwambia mdogo wake amejifungua salama. Ni habari njema, kwa nini nimfiche?"

Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Fundi alikuwa ameitamka methali hiyo mara nyingi, juu ya majirani, juu ya mawifi, juu ya wateja wanaokimbia na sare. Hakuwahi kufikiri kwamba nguo yenyewe ni ile aliyobebewa mgongoni. Alilia mpaka alfajiri, Bosi mikononi, mgongo kwenye mlango. Kilichomchoma si ule mzimu. Dada alikuwa na shida yake, na hata alipokuwa hai hakuwa mwizi. Kilichomchoma ni zile asubuhi zote, mama anamletea chai, anamuuliza umelalaje mwanangu, huku kikombe kilichooshwa kimepinduliwa mezani.

Kulipokucha alifunga virago, akarudi kwenye chumba alichopanga na mumewe. Mama yake alimsindikiza mpaka mlangoni. Hakumbembeleza abaki. Alisema tu, "Utajua mwenyewe." Dereva alipopigiwa simu alicheka kwanza, kisha akasema uchovu wa uzazi una mambo yake, kisha akasema, "Si mama yako huyo? Nani atakusaidia zaidi yake?" Mtandao ukakata, au yeye akakata.

Kilichofuata Fundi hakuwa amekifikiria. Alidhani akimtoa mtoto pale yatakuwa yamekwisha. Lakini Bosi alikuwa ameshajua pa kushibia. Kila akiwekwa kwenye titi la mama yake alivuta mara mbili, akaachia, akageuka kutazama mlango. Usiku alilia. Kilikuwa kilio cha kuita, na kilipotoka kilielekea mlangoni. Fundi akakimbilia kliniki. Nesi akafanya yote anayofanya Nesi mwema: akamwonyesha namna ya kumlaza kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi, namna ya kukamulia matone kwenye midomo, akamwambia anywe maji na apumzike na asikate tamaa. Fundi akafanya. Maziwa yakatoka kidogo, matone ya kuhesabika, na Bosi akayatema. Akanunua maziwa ya kopo. Akayatema nayo. Mizani ikaanza kushuka, na Nesi akaacha kutabasamu.

"Leo na kesho," Nesi akasema. "Kisha tunampeleka hospitali kubwa. Nyumbani kwenu kuna nini? Kuna mtu alikuwa anamnyonyesha?"

Fundi akajibu hakuna.

Usiku ule Bosi hakulia. Hilo ndilo lililomtisha. Alilala kifuani pake mdomo wazi, midomo imekauka, utosi umebonyea. Mashavu ya kusifiwa na majirani yalikuwa yamekwisha. Fundi akampa titi la kulia. Akampa la kushoto. Akajikamua kwa nguvu mpaka ngozi ikawa nyekundu, likatoka tone, akalipaka kwenye ulimi wake mdogo. Ulimi haukusogea.

"Kunywa, baba," alimsihi. "Kunywa, mwanangu. Ni mimi."

Nje, upande wa pili wa mlango...

Ta... ta... ta...

Akamkumbatia Bosi kwa nguvu. Harufu ikapenya chini ya mlango: mafuta ya cherehani, pasi ya moto, udongo. Na mlio mwingine, mdogo, wa kitu kinachodondoka juu ya saruji. Tone. Tone. Tone.

"Dada?"

Matone yaliendelea kudondoka.

"Dada, ni wangu. Unasikia? Nimemzaa mimi."

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa jembamba kama uzi, na halikuwa na ubaya wowote.

"Wako... mchana."

Bosi akafumbua macho. Siku nzima hakuwa ameyafumbua. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni, na mdomo wake ukaanza kutafuta hewani.

Fundi alimwangalia mtoto. Akauangalia mlango. Aliomba kwa kila alichojua kuomba. Alimlaani mama yake kwa sauti, kisha akamwita, "Mama, mama, njoo," kama anavyoita mtu yeyote aliyefikwa. Alifikiria kumfunga Bosi mgongoni na kukimbia naye hospitali gizani, akamtazama tena, akaona mbavu zinavyopanda na kushuka kwa taabu, akajua hawatafika.

Ta... ta... ta...

Alielewa wakati ule kwa nini mama yake alifungua komeo. Alielewa, na hakumsamehe hata kidogo.

Akasimama, akafungua mlango.

Hakumtazama usoni. Alinyoosha mikono miwili yenye mtoto kwenye giza, na mikono mingine miwili, ya baridi, ikampokea kwa uangalifu, kiganja kikitangulia kuushika utosi, namna wanavyoshika watu waliosubiri sana kushika mtoto. Gauni la kijani likapita likakaa kwenye kiti. Fundi akarudi kitandani, akajikunyata kwenye kona, magoti kifuani, titi lake likiwa bado nje na halina kitu.

Gu... gu... gu...

Bosi alinyonya upande mmoja mpaka ukaisha. Akahamishiwa wa pili. Rangi ikamrudia mtoto, vidole vikafunguka kimoja kimoja. Fundi alilia kwa furaha kwamba mwanawe anaishi, na akalia kwa uchungu, na hakuweza kuvitenganisha vilio hivyo viwili.

Kisha Bosi akashiba. Akaliachia titi, maziwa yakimtiririka kidevuni, akainua macho yake meusi juu, akautazama uso ambao Fundi hakuthubutu kuutazama.

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu azaliwe.